Simu Mpya Imeniletea Mama wa Mtu

Dada Shamila, shikamoo. Nisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku yenyewe, na nikikosea nitaishi na aibu mpaka nizeeke.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nauza asali hapa Mtendeni, asali ninayoletewa na kaka yangu kutoka Ulyankulu tulikozaliwa, na sina makuu na mtu. Simu yangu ya zamani ilifia kwenye ndoo. Usicheke dada, nilikuwa naipiga picha asali ili mteja aone ilivyo nzito, simu ikaanza kuita, nikashtuka, ikateleza na kuzama taratibu huku inaita, nami nimesimama nasikiliza mlio unavyozidi kuwa mdogo. Basi nikanunua mpya. Nilipoiwasha ikaniuliza kama nataka irudishe vitu vyangu vya zamani au nianze upya, nikawaza wateja wangu wote wamo, picha za ubatizo wa watoto wa kaka zimo, nani aanze upya akiwa na akili zake, nikabonyeza irudishe, nikaenda kupika.

Niliporudi nikakuta imerudisha vyangu na visivyo vyangu. Mimi nilikuwa na majina mia mbili, sasa yapo mia tisa, kuna Fundi Bomba Cheyo, kuna Kwaya Besi, kuna mmoja ameandikwa Usipokee Huyu, na picha za suruali zimetundikwa, suruali baada ya suruali. Kumbe suruali ni za Wenceslaus, fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye naye alikuja kibandani kwangu kuniuliza kwa nini simu yake imejaa picha za ndoo zangu, kwa sababu mkewe ameshaanza kuuliza huyo mwanamke wa asali ni nani. Tukaenda wote kwa Tobias, fundi simu aliyetuwashia simu zetu za kwanza. Akajikuna kichwa, akakiri kwamba siku zile wateja walikuwa wengi, hakuna aliyekuwa na barua pepe, akaona atumie akaunti moja kwa wote.

"Nilikuwa nawarahisishia, dada," akasema. "Paswedi moja, hakuna wa kusahau."

Simu yangu ya zamani ilikuwa inapeleka vyangu huko bila kuniletea vya watu, alinieleza kwa nini, sikuelewa. Tulicheka mpaka Wenceslaus akakaa chini. Hayo ni ya kucheka. Sasa sikia lililonifanya nikuandikie.

Kwenye majina yale, kati ya Mabati Kwihara na Mashine ya Kusaga, kulikuwa na Mama. Mama yangu alifariki miaka mitatu iliyopita na namba yake niliifuta mwenyewe siku ya arobaini, kwa sababu kila kidole kikipita pale nilikuwa nalia. Nikadhani simu imerudisha hata nilichokifuta, na kidole kikabonyeza kabla sijakikataza. Ikaita. Akapokea mwanamke mtu mzima, nami kwa mazoea nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akajibu. "Recheli, umekula?"

Dada Shamila, kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyeniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo mama, nimekula. Nilitaka kusema samahani, nimekosea namba, neno lilikuwa mdomoni kabisa, lakini yeye akaanza kunieleza habari za kuku wake anayekataa kutaga mahali popote isipokuwa juu ya kabati la vyombo, nikacheka, tukaongea robo saa nzima. Jumapili iliyofuata nikapiga tena. Sasa ni wiki ya saba. Anaishi Tura karibu na stesheni, anasali Moraviani, ana jino linalomsumbua na jirani anayemsumbua zaidi ya jino. Namba yangu ni ngeni kwake lakini nadhani aliamua kwamba nimebadilisha laini. Jina la Recheli hajalirudia tangu siku ile, ananiita mwanangu tu, naona ni mapenzi yamezidi. Siku moja nilijisahau nikamsimulia ndoo zangu za asali, wala hakushtuka, na tangu hapo ananiuliza biashara inakwendaje. Halafu juzijuzi kaniuliza mlenda napenda wenye karanga au usio na karanga. Mimi napenda usio na karanga, kama alivyopika mama yangu, lakini nikaogopa kwamba labda Recheli anapenda wenye karanga, nikajibu wowote tu, mama.

Jumapili hii ameniambia amevuna karanga, ameniwekea debe langu, niende Jumamosi nikalichukue na niwahi nikamsaidie kupika.

Na Tobias naye anasema lazima ile akaunti ya wote ife, kila mtu afunguliwe ya kwake na simu ianze upya, atanichambulia wateja wangu na picha zangu, vya watu viondoke. Ijumaa ndiyo zamu yangu. Wenceslaus ameshafutiwa, mkewe ametulia. Nikikubali kuanza upya, Mama anaondoka na majina mengine yote, nabadilisha na laini kabisa, siendi Tura, hatanijua kamwe. Nikiacha kila kitu kama kilivyorudishwa, nabaki na ukoo wa watu mia saba ndani ya simu na Jumamosi nitasimama mlangoni kwake na uso usio wa Recheli. Nifanye lipi? Sitaki kumuumiza. Nampenda, dada, hilo ndilo neno lenyewe.

Demetria, Mtendeni, Tabora

*

Marahaba, Demetria mdogo wangu. Barua yako nilimsomea mume wangu kwa sauti, na tulipofika kwenye simu inayoita ndani ya asali ilibidi tupumzike kwanza. Pole kwa kuondokewa na mama. Pole pia kwa simu, ingawa nayo ilikufa kifo kitamu.

Sasa ngoja nikugombeze. Unaniuliza habari za simu, urudishe au uanze upya, wakati unajua kabisa shida yako haimo ndani ya simu. Namba ni tarakimu kumi. Mwanamke aliyeniandikia barua ndefu hivi hashindwi kuandika tarakimu kumi kwenye kipande cha karatasi. Unachotaka ni Tobias abonyeze kitufe Ijumaa ili wewe usiwe umekimbia, iwe simu ndiyo imekimbia. Huo ni woga, na mama wa watu atakaa na debe la karanga mlangoni Jumamosi nzima akitazama njia ya stesheni. Ungependa mtu amfanyie mama yako hivyo?

Nimemaliza kugombeza. Sasa vuta kigoda, nikuonyeshe kitu ambacho umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako na hukukiona.

Huyo Recheli yupo, na kama ni binti mwenye adabu humpigia mama yake. Unadhani mama huyo ana binti mmoja mwenye namba mbili, sauti mbili na habari mbili, anayempigia mara mbili kwa wiki moja bila kukumbuka ya juzi? Alikuita Recheli mara moja tu, dakika ya kwanza. Baada ya hapo jina hilo halikutoka tena, wewe ukasema ni mapenzi. Ulimweleza ndoo za asali, hakushtuka. Mwanawe alianza lini kuuza asali? Na huo mlenda ndio ulionimaliza. Demetria, mama gani anamuuliza mtoto aliyemlea mwenyewe kama anakula mlenda wenye karanga? Hilo ni swali analoulizwa mgeni, tena mgeni anayesubiriwa kwa hamu.

Huyo mama anajua. Kwa hesabu yangu alijua kabla kuku wa kabatini hajamaliza kusimuliwa. Hakukata simu, kama ambavyo nawe hukukata, na hakukuuliza wewe ni nani kwa sababu aliogopa ungeona haya usipige tena. Mnafichana jambo moja wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, na nyote mnalijua. Nimefurahi kuwajua, kwa kweli.

Hata hivyo kujua kwake hakukuondolei wajibu wa kusema. Yeye amekuachia mlango wazi wiki saba, kuingia ni kazi yako. Na Recheli ana haki yake, huyo ni mama yake, usimnyemelee mtu mama.

Kwa hiyo, Ijumaa andika namba kwenye karatasi, iweke mahali pasipo na asali, halafu mpe Tobias simu aianze upya. Ndiyo, upya. Majina ya watu si yako kukaa nayo, na huyo wa Usipokee Huyu ana mtu wake anayepaswa kutompokea. Paswedi uchague mwenyewe, Tobias asiione, mwambie nimesema mimi. Simu ikishakuwa tupu kabisa, namba ya kwanza kuingia iwe ya Tura. Usimwandike Mama. Hilo jina ulilifuta ukiwa unalia, liache lipumzike na mwenyewe. Mwandike Mama Recheli. Kisha mpigie hapohapo, bado uko kibandani kwa Tobias, mwambie, "Shikamoo mama, jina langu Demetria." Usiongeze maelezo. Nyamaza, usikie atakachosema. Nina hakika ataanza kwa kuuliza kama umekula.

Jumamosi panda treni na chupa kubwa ya asali, ile nzito uliyokuwa unaipiga picha. Chukua na nyingine ya Recheli, na umwombe mama akuunganishe naye, mjuane. Usiende na maneno mengi ya kuomba radhi, utamchosha, ana jino linamuuma. Ingia jikoni, shika mwiko. Karanga chukua, utakaanga, ni zako.

Na akikuuliza tena kuhusu mlenda, mara hii mwambie ukweli. Usio na karanga, mama.