Zawadi Isiyowaka Asubuhi

Jumatatu, 7 Julai

Baridi. Gari limegoma tena. Stata inakohoa kama mtu aliyeamshwa kwa lazima — kisha kimya. Lilipokubali kuwaka likaanza kelele zake, ko-ko-ko-ko, utadhani kuna mtu ndani anaomba kufunguliwa. Na mama mkwe dirishani, kikombe mkononi. Gari hili ni lake, alitupa mwaka jana. Sasa yuko kwetu kwa ajili ya kliniki ya macho. Macho ndiyo mabovu; masikio hayana kasoro. Nikampungia mkono, nikasema nalipasha moto tu.

Cha kupewa hakina ila. Hasa ukipewa na mkwe.

Jumatano, 9 Julai

Nimehangaika na boneti mpaka jua likapanda. Kazini nimeshachelewa. Mama akatoka, akaomba ufunguo, akageuza mara moja tu — likawaka! Likanguruma kwa adabu zote. Akanirudishia ufunguo.

“Gari halina neno, mwanangu. Linataka mkono mtulivu.”

Jioni namsikia akiongea na mdogo wake kwenye simu. Eti alilitoa zima, sasa mkwewe analimaliza.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemuuliza mke wangu jikoni, taratibu: enzi za Mama, oili ilikuwa inabadilishwa lini? Akatazama mlango kwanza. Akasema Mama habadilishi, huongeza. Kubadilisha ni kumwaga mali. Na ole wangu nimwambie.

Kumbe! Oili imekuwa nzito kama lami. Asubuhi ya baridi haipandi upesi juu ya injini, vyuma vinagongana vikavu — ndiyo hiyo ko-ko-ko. Stata nayo inakoroga tope. Jua likiilainisha, mambo shwari, na sifa anazipata mwenye mkono mtulivu.

Nikanunua oili mpya. Mama akanikuta nimeshainama chini ya gari. Akaniuliza kwa upole kama kwetu tulizoea kumwaga vitu vizima. Nikainuka. Nikajipangusa magoti, oili mpya nikairudisha kwenye buti. Mwanamume mzima, baba wa watoto!

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya kliniki. Likawaka kwa taabu. Mama kiti cha nyuma, pochi mapajani. Ko-ko-ko njia nzima. Akasema niongeze sauti ya redio. Nikaongeza.

Kwenye mlima wa kwenda hospitali injini ikapiga kishindo, ikazima. Honi kila upande. Ilibidi mmoja ashike usukani na mwingine asukume. Basi Mama, asiyeona vizuri, akashika usukani. Akanielekeza jinsi ya kusukuma.

Sasa tuko pembeni. Fundi amekuja. Amechomoa kijiti cha kupimia oili, amekinusa, ametikisa kichwa kama daktari aliyeitwa kwa kuchelewa.

“Hii injini nani ameiua?”

Mama ameshusha kioo. Fundi ananitazama. Mama ananitazama. Mimi nimekaa kwenye jiwe, najifanya naandika jambo la kazini.

Fundi anauliza mara ya pili.