Ile Kamera ya Karavia

Jumatatu, 10 Novemba 2008

Filamu tatu leo. Mbili za harusi ya mwezi uliopita, moja ya picha za pasi. Nimezipeleka mjini kusafishwa. Mzee wa maabara hakuinua hata kichwa. Amesema dawa iliyobaki ni ya wiki hii tu. Baada ya hapo wanafunga. Tajiri wake ameshaondoka.

Miaka kumi na tisa nampelekea mzee huyu filamu zangu. Tumeagana kama watu wanaopishana sokoni.

Bei ya shaba imeanguka na Lubumbashi nzima inaanguka nayo. Kiwanda anakofanya kazi mume wangu, Salumu, kimezima tanuri, hii ni wiki ya pili. Yeye ni fundi wa malori. Sijawahi kuona mikono yake bila grisi. Leo nimemkuta amekaa uani, mikono safi kama ya karani. Nimechukia kuiona.

Jumatano, 12 Novemba

Wamewaachisha kazi wote. Salumu amerudi na bahasha ya malipo ya mwisho, akaiweka juu ya meza ya studio, kati ya mkasi na gundi.

"Zaina, nunua apareyi ya kisasa. Hii kamera ya filamu imekufa. Studio nayo ikikufa, tutakula nini?"

Nimemuuliza yeye atafanya nini. Anakwenda Zambia. Binamu yake yuko Mufulira. Atavukia Mokambo, mpakani.

Amelisema hilo kama mtu anayekwenda kunyoa nywele.

Nimekasirika. Chai sikumwekea. Miaka kumi na minne ya ndoa, hatuna mtoto, nina yeye tu. Hayo sikumwambia. Nayaandika hapa.

Alhamisi, 13 Novemba

Dukani kwa Papa Kambale. Ni mtu wa Butembo, anauza kwa jumla: vitenge, redio, masufuria, kila kitu. Rafu zake zimeanza kuwa tupu. Kamera imebaki moja, mpya, ndani ya boksi lake. Ya rangi ya fedha, inaenea kiganjani. Inatumia betri mbili ndogo, zile za saa ya ukutani. Kila kibanda wanaziuza.

Nimempiga picha yeye mwenyewe kuijaribu. Mwanga umemchapa usoni. Paji la uso jeupe, mashavu majivu. Papa Kambale ni mweusi wa kung'aa. Ameangalia kioo cha nyuma ya kamera, amecheka.

"Huyu haiko mimi, Mama Zaina. Huyu ni ndugu yangu mwenye iko mugonjwa."

Kisha simu yake ikalia. Ni watu wa kwao Kivu. Aligeukia ukuta, akazungumza kwa sauti ya chini. Vita vimekaribia Goma tena, na dada yake amekimbia na watoto. Aliporudi kwangu hakucheka tena. Atanishikia kamera mpaka Jumanne.

Jumamosi, 15 Novemba

Karavia. Mama Vero, mteja wangu wa siku nyingi, ni mpishi wa mhandisi mmoja mgeni katika mtaa huu wa matajiri. Mgeni huyo anaondoka, anauza vitu vyake. Vitanda, friji, mazulia, na kamera. Salumu amenisindikiza.

Nyumba imejaa maboksi. Mama Vero alikuwa anafunga sahani ndani ya magazeti na hakuna aliyemwambia yeye atakwenda wapi.

Kamera yenyewe ni ndogo pia, lakini nzito. Nyeusi. Imechubuka pembeni. Kioo chake cha mbele ni kikubwa, safi. Betri yake ni ya peke yake, lazima ichajiwe kwenye umeme.

Nilimsimamisha Salumu barazani. Nikamwambia aangalie upande wa ziwa. Nikapiga moja tu.

Kisha nikatazama.

Weusi wake ulikuwa weusi wake. Kovu la kidevuni, mkunjo wa kando ya mdomo, jasho la puani, vyote. Na macho. Nimempiga picha miaka yote hii na sijawahi kuyakamata. Ni macho ya mtu aliyekwisha kuondoka.

Naitaka kamera hii. Naitaka mpaka naona aibu.

Mhandisi anapanda ndege Jumatano asubuhi. Atakayefika kabla ya hapo, ndiye atakayeichukua. Asipofika mtu, anasafiri nayo.

Jumapili, 16 Novemba

Umeme umekatika tangu Ijumaa. Mtaa wetu, Katuba nzima, giza.

Kamera ya Karavia itachajiwa wapi? Kwa jirani mwenye jenereta? Kila siku niombe? Na ikizima katikati ya harusi? Harusi zenyewe hakuna. Wanaokuja sasa ni watu wa picha za karatasi za kuvuka mpaka. Hao hawaulizi uzuri. Wanauliza itakuwa tayari saa ngapi.

Najua jibu. Naendelea kujiuliza.

Tumegombana. Salumu amesema nichukue ile ya Karavia.

"Juu ya nini?" nikamuuliza sababu.

"Juu ulipoiangalia, ulifurahi. Ni siku nyingi sikukuona hivyo."

Maneno mazuri, na yameniumiza. Nimeona anataka kuniachia kitu cha kushika, ili aende kwa amani. Nikamwambia kamera si mume. Akatoka kwenda msikitini, hakurudi mpaka baada ya alasiri. Nilimsikia anafungua lango na moyo ukatulia. Nikajidai nafagia.

Jumanne, 18 Novemba

Asubuhi wamekuja wanawake saba pamoja. Wanavuka kwenda kuuza upande wa pili, wanataka picha za pasi leo leo. Filamu sina. Hata ningekuwa nayo, maabara imefungwa. Wakaenda kwa mpiga picha wa barabara ya nyuma. Nimewaona wanakata kona, wote saba.

Nimechukua bahasha, nimetoka.

Njiapanda taxi za kwenda mjini zinasimama upande huu, za Karavia upande ule. Nimesimama. Gari moja limejaa, likaondoka. La pili likajaa. Konda wa la tatu akaniuliza kama naumwa.

Nimekwenda kwa Papa Kambale.

Nilimwambia ukweli, kwamba moyo wangu uko kwenye kamera nyingine. Hakukasirika. Alisema dada yake amefika Butembo kwa miguu, na kitu alichookoa ni sufuria. Picha za ndoa amezisahau ukutani. "Analia picha, Mama. Lakini bantu banakula mu sufuria."

Nimerudi nyumbani na ile ya fedha. Nimefanya jambo la akili. Sina furaha hata kidogo.

Jumatano, 19 Novemba

Nilikuwa namenya viazi. Nikakumbuka. Kisu kikanianguka.

Picha ya Salumu. Imo ndani ya ile kamera.

Sikufunga hata mlango. Taxi imekwenda polepole kama inayobeba mayai. Nilipofika, lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Mama Vero alikuwa amekaa nje juu ya begi lake la nguo. Wamekwenda uwanja wa ndege tangu saa mbili.

Nikamuuliza kamera iko wapi. Amesema iko shingoni kwa mwenyewe. Hakuna aliyekuja kuinunua.

"Unalilia apareyi, Mama Zaina?"

Nikamwambia hapana. Nikaketi kando yake. Mtu anaondoka na uso wa mume wangu, hajui hata jina lake. Ataufuta siku moja akitafuta nafasi ya picha nyingine. Namchukia bure. Hakunikosea lolote.

Salumu sikumwambia.

Ijumaa, 21 Novemba

Ameondoka baada ya sala ya Ijumaa. Lori la unga linalorudi Mokambo tupu. Mfuko mmoja wa nguo, mmoja wa spana.

Nimempiga picha kwa kamera mpya. Ya kwanza amefumba macho. Ya pili amegeuka, shofere alikuwa anamwita. Ya tatu mwanga umemla paji zima.

"Inatosha, bibi yangu. Nitakuya."

Nilitaka kumshika shati. Watu walikuwa wengi. Nikampungia mkono kama jirani.

Alhamisi, 27 Novemba

Siku ya sita. Simu hakuna.

Kazi ipo. Hiyo kamera ndogo inafanya kazi kama punda. Nimegundua jambo: nikizima mwanga wake na kumketisha mteja mlangoni, kitambaa cheupe magotini, ngozi inarudi. Wanafurahi. Natoa picha kwenye duka la kompyuta mjini.

Nampigia Salumu mara nne kwa siku. Sauti ya mwanamke inasema namba haipatikani. Mwanamke huyo namchukia kuliko mtu yeyote duniani.

Harufu ya grisi imetoka kwenye mto. Nilikuwa nagombana naye juu ya harufu ile.

Jumanne, 2 Desemba

Hakuna.

Jumamosi, 6 Desemba

Yule shofere wa lori amekuja studio, anataka picha ya leseni. Nimempiga kwanza. Nilijilazimisha kumpiga kwanza. Kisha nikamuuliza.

Salumu hakuvuka. Zambia nako migodi inafukuza watu, binamu yake mwenyewe hana kazi. Salumu yuko Mokambo tangu siku ile, anatengeneza malori karibu na kizuizi.

"Hakukuambia?" ameniuliza.

Mzima. Nilishukuru Mungu. Baada ya hapo hasira. Saa moja tu kutoka pale unapata mtu mwenye simu. Wiki mbili ameniacha nimhesabu kuwa maiti.

Jumatatu, 8 Desemba

Idi. Nimesali, nimegawa nyama, nimepokea nyama. Wote wameniuliza habari za Salumu. Nimejibu hajambo, anawasalimu. Uongo siku ya Idi. Nimevaa kitenge kipya na kila aliyenisifia nilitaka kumpiga kofi.

Kesho naondoka. Mama Vero atakaa nyumbani mpaka nirudi. Hana pa kukaa vizuri tangu nyumba ya Karavia ifungwe.

Jumatano, 10 Desemba. Mokambo.

Njia mbaya, tope tupu. Tumelala njiani katika nyumba ya watu wema. Nimefika saa nne asubuhi.

Nilimjua kwa miguu. Miguu miwili imetokeza chini ya lori. Nikasimama. Mwanamke wa maandazi ndiye aliyepiga kelele: "Fundi, kuko mama hapa!"

Ametoka. Amekonda. Ndevu. Mikono myeusi ya grisi mpaka viwiko. Aliifuta kwenye suruali mara tatu, nne, kama vile grisi ingetoka.

"Ni juu ya nini hukupiga simu?" nikamwambia.

"Simu nilitoa, nikapata spana. Zangu ziliibiwa siku ya kwanza."

"Simu za bantu wengine hakuna?"

Akaokota spana, akairudisha chini. Kisha:

"Ningekuambia nini, Zaina? Kama nimeshindwa hata kuvuka?"

Nilikuwa nimepanga matusi njia nzima. Halikutoka hata moja.

Alhamisi, 11 Desemba. Mokambo.

Anakaa chumba kimoja na mafundi wawili. Wametupisha, Mungu awabariki. Nimefua mashati yake yote. Tumekula samaki wa chumvi.

Nimemwambia turudi. Amekataa. Lubumbashi hakuna lori linalotembea, hapa yanapita, yanaharibika. Ameahidi kuja mwisho wa Januari. Alisema huku ananitazama. Namwamini nusu.

Nikatoa kamera. Akainua mkono, akaficha uso.

"Leka. Usinipige foto hivi."

Nimeirudisha mkobani. Nimemtazama tu. Nimemtazama mpaka akacheka kwa aibu, akaniuliza nahesabu nini. Nilikuwa najifunza: kovu, mkunjo, nywele nyeupe tatu ambazo hazikuwepo.

Nimemweleza pia habari ya picha ya Karavia. Nilidhani atacheka. Amesema siku ile barazani alikuwa anafikiria jinsi ya kuniaga, akaona hajui.

Hata mimi sijui. Tumekaa hivyo, magoti yamegusana, mpaka wenye chumba wakarudi.

Jumapili, 21 Desemba

Mama Vero amehamia kabisa, chumba cha mbele. Anapika vizuri kunizidi. Anaanza kuuza chapati nje ya studio, wateja wangu wanakula wakingoja.

Jana Salumu alipiga, kwa simu ya mtu. Dakika moja. Alitaja lori la tangawizi lililovunjika ekseli. Nilitaja bei ya unga. Nimesikia anavyopumua, inanitosha mpaka Jumamosi ijayo. Haitoshi, lakini ndiyo iliyopo.

Leo sikupiga picha hata moja. Tumekula bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga mapema, tukakaa barazani, mimi nasuka mkeka, Mama Vero anachambua mchele. Mawingu yamejikusanya upande wa Mokambo, meusi, yanakuja huku polepole. Kule mvua itakuwa imeshanyesha.

Jana sikumuuliza Salumu kama ana koti la mvua.