Jirani Inaishia Wapi?

Jumatano, usiku

Hivi jirani inaishia wapi? Tangu nitoke mahakamani nalizungusha neno hilo kichwani.

Mkataba wa saluni tuliuandika wenyewe, mie na Zuhura, bila wakili: atakayejitoa asifungue saluni nyingine jirani. Kajitoa, kafungua Kawe, na wateja wangu wa hapa Wazo wanamfuata hukohuko. Ndiyo maana nimemshtaki.

Leo hakimu kauliza, "Jirani ni umbali gani?"

Nikasema ni popote mteja anapofika kwa bodaboda. Zuhura akasema, "Mheshimiwa, jirani ni yule unayeweza kumwomba chumvi." Watu wakacheka. Na mie nikacheka, kisha nikajikasirikia. Hakimu hakucheka, aliandika. Hapo ndipo ninapoogopa, maana nikishindwa, saluni nafunga.

Tulipotoka nje, jua kali. "Shosti, nigaie maji," Zuhura akasema. Nikampa chupa yangu bila kufikiri. Akanywa, akanirudishia, nikamalizia yaliyobaki.

Ndiyo kwanza nakumbuka sasa: kwa kipimo chake mwenyewe, basi, Zuhura bado ni jirani yangu. Ningemwita hakimu pale pale aone.

Mbona jambo hilo hata halikunijia pale?