Sanduku la Betri

Baba,

Nimechoka. Najua mtu haanzi hivyo kumwandikia baba yake, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukiniuliza nikifika mlangoni, kabla hata sijavua viatu: "Umechoka, Mwende?" Nami nikikujibu, "Kidogo tu." Tangu tukuzike hakuna aliyeniuliza. Basi nakwambia bila kuulizwa. Nimechoka, Baba, na si kidogo.

Sisi tuko. Mama yuko. Dandora iko vile vile ulivyoiacha, moshi wa jalala unaingia mpaka kwenye sufuria, na nguzo za umeme bado zimeishia upande ule mwingine wa barabara. Walituambia tungoje, na bado tunangoja. Kwa hivyo taa yetu ni ile ile sola yako, na hiyo sola ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Unakumbuka siku ilipoletwa? Ulikuwa umetoka kuchonga kule Gikomba, unga wa mbao umejaa kwenye nyusi. Yule fundi kijana, Kamau, akapanda juu ya mabati na kile kioo cha kunasa jua, watoto wa ploti nzima wakampigia makofi, na jirani akakuuliza kama jua likiisha utalirudisha dukani. Jioni ukabonyeza swichi. Hukuangalia taa. Uliangalia mikono yako, mbele na nyuma, ukasema, "Kumbe nimezeeka hivi!" Tulicheka mpaka Mama akamwaga chai.

Ni betri tu iliyokuudhi. Ilikaa chini pale pembeni ya kabati, nyeusi, na waya zake zimetokeza. Ukasema kitu kinachotupa mwanga hakiwezi kukalishwa sakafuni kama mtu asiye na kwao. Siku ya pili ukaja na mbao za muhugu begani. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza, na Mama alikukataza, lakini nani aliwahi kukukataza kitu ukasikia?

Ulichonga ukiwa umekaa mlangoni, asubuhi, jua likikupiga mgongoni. Twiga pande zote, shingo zimepanda mpaka karibu na kifuniko, na chini yao kobe wamefuatana. Kifuniko nacho ulikipiga randa, ukakijaribu, ukakipiga tena, mpaka kikawa kinafunga bila sauti. "Hata unywele haupiti," ukajisifu. Maneno hayo yamenitesa, Baba. Subiri utaona.

Yalibaki macho tu. Siku zote uliyaacha mwisho, eti mnyama akiona mapema atakimbia kabla hujammaliza miguu. Tukakupeleka hospitali, ukasema utayatia ukirudi.

Tulipotoka kukuzika Kangundo, kazi ya kwanza aliyoifanya Mama ilikuwa kumwita Kamau aitie betri ndani ya sanduku. Alipoondoka, Mama akafunga kifuniko, akatandika kile kitambaa chake cha maua, akaweka picha yako juu. Kila jioni anavuta kiti anakaa hapo. Nilifikiri, mwache, kila mtu na namna yake ya kulia.

Halafu harufu ikaanza, kama ya mayai viza. Mimi nilidhani ni panya amefia nyuma ya kabati, nikavitoa vyombo vyote nje, sikuona panya. Mama akaanza kukohoa. Taa nayo ikawa inafifia kabla hata ya taarifa ya habari. Nikamwita Kamau. Alisimama mlangoni, akanusa, akasema, "Madam, kwanza toa hiyo jiko nje."

Alipofungua kifuniko niliona. Vichwa vya betri vimeota unga wa kijani, na ubao wa ndani umelowa jasho. Akatueleza kwamba betri ikishiba jua inatoa hewa, na hewa hiyo inashika moto. Isipopata pa kutokea, cheche moja tu inatosha. Akasema kila sanduku la betri lazima litobolewe matundu. Alikipapasa kifuniko chako kwanza, kwa adabu, ndipo akasema, "Mzee amefunga kama anaweka dhahabu."

Unaona sasa? Fundi mbaya angeacha mwanya kwa sababu hajui kubana. Wewe ulibana.

Kamau akatoa keekee yake kwenye mfuko atoboe. Mama akasimama kati yake na sanduku. "Hii sanduku ya mzee hakuna mtu atatoboa. Si mimi nikiwa hai." Kijana wa watu akairudisha keekee mfukoni, akaniangalia mimi. Nami ningefanya nini?

Tangu siku hiyo nyumba hii imekuwa na vita vya kimya kimya. Asubuhi, kabla sijaenda kazini, nakiinua kifuniko nakiwekea kipande cha mti kisijifunge. Jioni narudi, vidole vinaniuma kwa kupiga taipu, nakuta kimefungwa, kitambaa juu, wewe juu ya kitambaa, unatabasamu. Mara moja nilitoa betri nikaiweka kando kabisa. Nilirudi nikakuta Mama ameivuta akairudisha ndani, betri nzito vile, na kifua kile! Maji yake makali yalimwagikia leso yake ikaliwa matundu matundu. Nilipomwambia itatuchoma, alinijibu neno moja tu: "Baba yako alijua kazi yake."

Nikisema ndiyo, Mama anaungua. Nikisema hapana, nakutukana wewe kaburini. Nimekuwa nikilala na hasira, na acha nikwambie ukweli, hasira yenyewe ilikuwa yako wewe. Ungeacha tu mwanya wa kidole, Baba! Wa kidole kimoja! Ungepungukiwa nini?

Jumamosi iliyopita nilikuwa nje naanua nguo. Giza ndiyo linaanza kuingia. Taa ilikuwa imefifia tena, na kupitia mlangoni nikamwona Mama ameinama juu ya sanduku, koroboi mkono mmoja, kiberiti mkono wa pili. Alitaka kuiweka pale juu ili aone uso wako. Jamani! Sijui niliruka vipi kile kizingiti. Nilimpiga mkono, kiberiti kikaruka, njiti zikatapakaa chumba kizima. Nilimpiga Mama, Baba. Mkono huu.

Akaniangalia kama hanijui. Nikakaa sakafuni, katikati ya njiti, nikalia kama mtoto mdogo. Nikamwambia, "Mama, nimezika mmoja. Wa pili sina nguvu ya kumzika. Ukiungua humu, mimi sitabeba." Si maneno ya kumwambia mzazi, najua, lakini yalikuwa yameshatoka.

Halafu akaja akakaa chini karibu nami, polepole, magoti yake unayajua. Akashusha picha yako akaiweka mapajani. Akaanza kupapasa twiga wa mbele, shingo, masikio, uso, na kidole kikasimama. Akasema kwa Kikamba, kwa sauti ndogo sana, kwamba hukuwamaliza. Kwamba umewaacha hawaoni. Akapapasa wa pili, na wa tatu, akazunguka sanduku zima mpaka kwa kobe wa chini. Akapangusa pua na ile leso yenye matundu. "Kesho mwite yule kijana wa sola," akasema.

Kamau alikuja tukitoka kanisani. Tulitoa betri, tukalileta sanduku mlangoni pale ulipokuwa ukikaa. Mama aliikataa keekee ya Kamau. Alileta furushi la vyombo vyako, ambalo hajalifungua tangu ufe, akamkabidhi ya kwako. Kisha akachukua kaa la jiko, akaweka alama moja moja, kila mnyama mahali pa jicho lake. Kamau aliangalia twiga juu na kobe chini akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa kabisa, hewa inaingilia chini inatokea juu." Mama akamjibu kwamba hewa ni shauri lake yeye, bora asimkosee mnyama jicho.

Mimi nililibana sanduku kwa magoti, vile ulivyokuwa ukifanya. Unga wa muhugu ukanianguka mapajani, na harufu ikapanda, ile ile uliyokuwa ukirudi nayo nyumbani. Nilifumba macho. Nilipofumbua, Mama ndiye aliyeshika keekee, anazungusha taratibu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo, na Kamau amekaa kando anampa msasa.

Harufu mbaya imekwisha. Kamau alivisafisha vichwa vya betri kwa maji moto, na taa sasa inatufikisha mpaka wakati wa kulala. Picha yako iko ukutani.

Jana nilirudi kazini nikamkuta Mama kwenye kiti chake. Aliniangalia tangu viatu mpaka kichwani, kama ndiyo kwanza ananiona mwaka huu, akauliza, "Umechoka, Mwende?"

Nikamwambia, "Sana, Mama." Akanisogezea kiti.

Basi pumzika, Baba. Kioo cha juu nitakipandia mimi kila Jumapili nipanguse masizi, kama ulivyokuwa ukifanya, na maji ya betri nitayaangalia. Na juu ya macho ya wale wanyama, naapa, hakuna kitambaa kitakachowekwa.

Mwanao,
Mwende