Kaka Boay, Nimelichagua Lile la Nusu-nusu

Mpendwa kaka Boay,

Mvua za vuli zimeanza tena huku Mbulu, na mimi nimeanza tena kulala na viatu miguuni. Mama hajui. Lori likipita barabarani wakati nafundisha, nasimama chaki mkononi, na watoto wa darasa la nne wananiangalia mpaka lipite. Wameshazoea. Mimi sijazoea.

Barua hii naiandika wazi, mtu yeyote aisome, kwa sababu yaliyosemwa juu yako yalisemwa wazi, mbele ya watu, nami nilikuwepo na nikanyamaza. Lakini nianze na gitaa. Wewe ungetaka nianze na gitaa.

Unakumbuka lile lako jeusi? Zito kama plau. Ulilipenda kwa sababu lilivumilia fujo zako zote. Unaongeza mikwaruzo mpaka majirani wa Jorodom, kule chini ya mlima Hanang, wanafunga madirisha, nalo halilii ovyo. Mimi nilipenda jazi, zile sauti laini zinazotembea polepole, na kila nilipolishika lilinitolea sauti kavu kama bati. Tuligombana sana. Ulikuwa unaniambia, "Theresia, siku moja nitapata la nusu-nusu, ugomvi uishe." Ukachora kwenye mchanga kwa kijiti: mwili mwembamba, matundu mawili yaliyopinda kama herufi S, na katikati gogo la mti linalopita kuanzia shingoni hadi mwisho. "Pembeni kuna uwazi, hapo ndipo jazi yako inapokaa. Katikati ni mti mtupu, huo ni wangu wa roki." Nikacheka, nikakwambia hilo ni gitaa la matajiri. Ukasema siku hizi yanatengenezwa hata kwa watu kama sisi, mradi mtu ajue kuchagua.

Ulipokufa, mama alisema gitaa lisiingie tena katika nyumba yake ya Maretadu. Sikubishana naye. Nilimwelewa, maana Mama Magreth, jirani yako, alisimulia msibani kila kitu alichokiona alfajiri ile ya maporomoko. Kwamba mlima uliponguruma ulitoka mbio pamoja na wengine. Kwamba ulishafika barabarani, mahali ambapo tope halikufika. Kwamba ulijipiga kichwa kwa kiganja kama mtu aliyekumbuka kitu, ukageuka, ukarudi ndani. Hukutoka tena.

Mtu mmoja akasema, "Gitaa." Mwingine akaitikia, "Huyo na gitaa lake." Mpaka jioni msiba mzima ulikuwa unasema hivyo, na mama akawa anasema hivyo. Kijana amekufa kwa ajili ya gitaa.

Mimi nilikuwa naandaa chai ya waombolezaji. Nilimwaga sufuria nzima, na watu wakadhani ni uchungu. Ilikuwa hofu, kaka. Nitakuambia hofu ya nini.

Mwaka huu walimu wenzangu wa Dongobesh wameanzisha bendi ndogo. Tunapiga kwenye harusi: nyimbo za taratibu watu wanapokula, za fujo wanapocheza. Waliponiomba nishike gitaa nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikakubali, sijui kwa nini. Labda nilichoka kuogopa kila kitu kwa pamoja, nikataka niogope kitu kimoja. Nilihitaji gitaa moja la kazi zote mbili, kwa bei ya mwalimu, na duka pekee nililolijua ni la Mzee Salimu, Katesh, yule anayeuza spika na redio. Tangu tukuzike nilikuwa sijakanyaga Katesh.

Nilimdanganya mama kwamba naenda kwenye semina.

Wingu lilikuwa limekaa juu ya Hanang, zito, bila kusogea. Nilitembea kutoka stendi hadi dukani nikiwa nimeupa mlima mgongo, halafu nikaona ni afadhali niuone, nikatembea upandeupande kama kaa. Watu walinishangaa. Nilipoingia dukani mgongo ulikuwa umelowa jasho na baridi ile yote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Unatafuta nini?"

Hakunijua. Nikamwambia nataka gitaa la umeme, la jazi na la roki. Akashusha matatu yaliyotumika, yaliyotoka Arusha. La kwanza lilikuwa la mti mtupu, kama lile lako. Nikalirudisha bila hata kulijaribu. La pili lilikuwa na tumbo kubwa, lote wazi ndani, zuri kama kabati la bibi harusi. Hilo nililipenda. Sauti yake bila umeme ilijaa duka lote. La tatu lilikuwa jembamba, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, lina mchubuko nyuma ya shingo na matundu mawili yaliyopinda. Nilijua ni lipi kabla hajanitajia.

Nikafanya ulivyonifundisha. Nikafumba jicho moja, nikaangalia shingo kwa urefu wake kama imenyooka. Nikapita kila uzi, chuma hadi chuma cha shingoni, nisikilize kama kuna mahali unagonga. Nikazungusha vifundo vya sauti nisikie kama vinakwaruza. Nikavuta uzi kwa nguvu, nikauachia, nikaangalia kama bado umekaa kwenye sauti yake. Ulikaa. Gitaa la bei ndogo linadanganya kwa rangi, ulikuwa unasema, lakini shingoni halidanganyi.

Mzee Salimu akayachomeka kwenye amplifaya moja baada ya jingine. La tumbo kubwa lilikuwa tamu mpaka alipoongeza sauti. Hapo likaanza kulia lenyewe, sauti nene, hakuna aliyeligusa. Akalizima haraka. "Hili la wazee wanaokaa kwenye viti," akasema. "Kwa roki halifai."

La nusu-nusu lilivumilia zaidi. Kwa kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, kile cha karibu na shingo, likanipa ile sauti ya mviringo niliyokuwa naitafuta tangu nikiwa sekondari. Nikahamisha swichi kwenda kile cha chini, nikaweka mikwaruzo, nalo likauma kama lako. Nikasahau nilipo. Nikapiga ule mwanzo wetu, ule tuliokuwa tunajifunzia jikoni, na nikasogea karibu na spika bila kufikiri.

Ndipo likaanza.

Chini kabisa kwanza, si sikioni bado, kifuani. Kisha likapanda. Lilinguruma kutoka sakafuni, likapita kwenye miguu yangu, na mbao za matundu zikatetemeka tumboni kwangu. Kaka, ni sauti ileile. Nilikuwa ng'ambo ya mji alfajiri ile, lakini niliisikia. Nilitupa gitaa kwenye kochi nikakimbia nje. Nilisimama katikati ya barabara nikiangalia mlima, nikisubiri ushuke. Pikipiki ikanikwepa, dereva akanitukana.

Mlima haukushuka. Mzee Salimu alinifuata, kanzu ameikunja mkononi asikanyage matope.

"Mwanangu, ni gitaa tu. Limesikia sauti yake lenyewe kwenye spika. Ni hivyo tu. Njoo nikuonyeshe."

"Siwezi mzee."

"Utaweza. Utaweka kiganja, litanyamaza."

Alinishika kiwiko kama mgonjwa, akanirudisha ndani. Akaliacha lingurume tena kwa makusudi, kidogo, huku meno yangu yakigongana. "Weka mkono juu ya nyuzi." Nikaweka. Likanyamaza papo hapo. "Umeona? Ule mti wa katikati unalishika, na mkono wako unalishika. Lile kubwa lingekushinda. Hili halikushindi." Akaniambia nilifanye lingurume mwenyewe, nilinyamazishe mwenyewe. Nilifanya mara nne. Mara ya nne bado niliogopa, lakini mkono ulifika.

Ndipo akaniangalia usoni vizuri. "Unavyofumba jicho kuangalia shingo. Nilimjua kijana mmoja wa Jorodom akifanya hivyo hivyo. Wewe ni nani wake Boay?"

"Mdogo wake."

Akakaa chini. Akanipa pole, akakuombea. Kisha akasema, kama mtu anayetaja kitu tunachokijua sote, "Angalau lile jeusi lake limebaki. Wanakwaya wa Masieda wanalitunza."

Nikamwuliza jeusi lipi.

"Lile lake. Wiki ile wanakwaya walikuja hapa kununua spika, hawana gitaa, naye alikuwa hapa. Akawaazima lake palepale, Alhamisi. Mimi ndiye niliyewauzia nyuzi mpya. Waliposikia yaliyotokea waliogopa kulirudisha, wakaona kama wanawapelekea msiba mara ya pili. Mimi nilidhani mnajua." Akatabasamu kwa huzuni. "Aliniambia nimtafutie la nusu-nusu. Anasema dada yake anapenda jazi, yeye roki, liwe moja liwatoshe."

Mtu mwingine angefurahi. Gitaa halikuwemo ndani, hukufa kwa ajili ya gitaa. Mimi sikufurahi. Maana nilikuwa nimejificha nyuma ya gitaa lile muda wote huu, na mzee yule, kwa wema wake, ameliondoa.

Sasa nakuambia ile hofu ya msibani. Jumamosi ile, siku moja kabla ya tope, nilikuwa Katesh kwenye semina ya kweli. Nilikupigia mchana, nikasema, "Nitalala kwako. Niachie mlango wa nyuma wazi, usinisubiri." Ukasema umeshanitandikia chumba cha uani. Kisha mvua ikakaza, Agnes rafiki yangu akaniambia nilale kwake, simu yangu ikawa imeisha chaji, nikasema nitakueleza asubuhi. Sikufika kwako. Wewe hukujua kwamba sikufika.

Uliposimama barabarani na kujipiga kichwa, hukukumbuka gitaa. Ulinikumbuka mimi.

Nilijua tangu siku ya kwanza, nikakuacha usemwe kama mjinga aliyekufia mbao na nyuzi, kwa sababu niliogopa mama akinitazama aone sababu.

Nilirudi Maretadu na gitaa likiwa ndani ya kiroba. Siku mbili nililificha chini ya kitanda na sikula vizuri. Siku ya tatu tulikuwa uani tunachambua maharage, mimi na mama, na ungo katikati yetu. Nikasema, "Mama, gitaa la Boay lipo Masieda. Halikuwemo ndani."

Mikono yake ikasimama. "Alirudi kufanya nini basi?"

Nilimwambia. Nilisema yote, mlango wa nyuma, Agnes, simu, bila kumwangalia, naokota mawe madogo kwenye maharage kana kwamba hiyo ndiyo kazi iliyobaki duniani. Nilisubiri kipigo au kilio. Nilikuwa tayari kufukuzwa, Mungu ananiona, nilishafikiria nguo gani nitachukua.

Mama akanishika mkono hapa, juu ya kiganja, kwa nguvu hadi ukaniuma.

"Kama ungeenda," akasema, "ningezika wawili."

Kisha akasema, "Usiniambie kitu kingine leo." Akaingia ndani, na nilimsikia akilia kwa sauti ambayo hakuitoa hata kaburini. Siku nne tulizungumza mambo ya kuni na maji tu. Nilikuwa naogopa kila mlango unapofunguka. Siku ya tano akanikuta nafuta lile gitaa vumbi, sikupata muda wa kulificha. Alilitazama muda mrefu.

"Ndilo hilo alilokuwa analitaka?"

"Aina yake, ndiyo."

"Litafanya kelele?"

"Likikaa karibu na spika. Lakini naweza kulinyamazisha."

"Basi ukienda Dongobesh nitakuja nione," akasema, akaenda kwa ng'ombe. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Naogopa jibu. Naogopa pia siku nitakayopiga mbele yake, na mvua ikianza kugonga bati katikati ya wimbo, sijui kama nitabaki jukwaani au nitakimbilia nje na kuwatia watu hofu. Wenzangu wameambiwa. Mpiga ngoma amesema nikikimbia atapiga peke yake mpaka nirudi.

Mama Magreth nilimpigia jana. Nikamweleza ulirudi kwa nini. Akasema, "Basi nilimshuhudia mtu mwingine kabisa." Ameahidi kuwaambia wote aliowaambia mwanzo, nyumba kwa nyumba, wale waliobaki.

Nisamehe kaka kwa ukimya wangu. Watu wa Jorodom, wa Katesh, wa Maretadu, kila aliyekula chakula cha msiba wetu na kusema lile neno, jueni: Boay hakurudi kwa ajili ya gitaa. Alirudi kunitafuta mimi, mtu ambaye hakuwemo ndani.

Pumzika, Boay. Usiendelee kuniita humo ndani. Nipo nje.

Ni mimi mdogo wako uliyerudi kumfuata,
Theresia