Blanketi Zibaki Mlangoni

Pendo,

Ugali na mlenda viko jikoni, nimefunika. Kuku nimewapeleka kwa mama Severina mpaka jioni, wasikupigie kelele. ~~Osha vyombo kabla hujafanya lolote.~~ Vyombo viache, nitaosha mwenyewe.

Nimempigia Mzee Gaspari kule Itigi. Nilipomwamkia akauliza, "Wewe ndiye uliyekuwa unafoka asubuhi?" Nikamjibu ndiye mimi. Amekubali mrudie mahojiano ya podikasti yako saa kumi, kwa intaneti kama mwanzo. Simu yake ya pili ataiweka karibu na mdomo irekodi sauti yake, kama ulivyomwelekeza. Bando nimekuwekea.

Nilidhani umejifungia kuongea na mvulana. Ndiyo maana nilivuta zile blanketi ulizotundika mlangoni kuzuia kelele na kusema, "Toka humo, mvivu wewe, umejificha kama kuku anayetaga." Mzee akasikia, akaaga. Wewe ulinivalisha hedifoni, ukairudisha rekodi nyuma nisikilize. Mzee anaeleza habari za nyuki wake taratibu, hata pumzi yake inasikika. Halafu naingia mimi. Wewe sauti hiyo umeizoea. Mimi nimeisikia leo kwa mara ya kwanza.

Blanketi nimezitundika tena, na godoro langu nimeliegemeza dirishani. Sirudi mpaka uje kuniita kwa mama Severina.

~~Kile kipande changu kifute.~~ Usikifute. Nataka nikisikilize tena nikiwa peke yangu.

Mama yako