Gauni la Namba Sita Msiwape

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Kitinda mimba, mkate si wako peke yako.

Saa nne watakuja mafundi wa mwenye nyumba. Asubuhi amekiri kwamba ni wao walioacha paa wazi, mvua ikaingia. Atatununulia vipya vyote nilivyoorodhesha, ila vilivyoharibika anavichukua. Wapeni godoro, redio na kabati. ~~Wapeni na gauni la mama yenu.~~ Gauni msiwape.

Nililiandika namba sita kwa kuwa limeharibika kweli. Akaniuliza kwa upole, "Mzee, hili nikununulie saizi gani?" Mama yenu ana mwaka wa pili kaburini. Nikamwomba alifute.

"Basi hilo silifidii, Mzee."

Nikamwambia sawa.

Liko kwenye kamba, uani. Jana nililifua harakaharaka kuondoa matope, nikasahau kwamba harufu yake nayo ingeondoka na maji. Leo nimenusa kola. Ni sabuni tu.

Wakiliulizia, semeni Baba amekataa.

Baba